Kijana anayekwenda kuzamia maji ya baridi asichague suti kwa unene peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili niseme na vijana wa Unguja na Pemba wanaojiandaa kwenda kuzamia katika nchi za baridi, na niseme pia na wazee wao, kwa kuwa mara nyingi wazee ndio wanaochangishana fedha za safari na za vifaa. Nimeifanya kazi ya kuzamia kwa miaka 22, kwanza Nungwi nikiwa mbeba mitungi, kisha nikiwaongoza wageni katika miamba ya Mnemba na Leven Bank, na kwa misimu kadhaa nilikuwa upande wa magharibi wa Pemba, kwenye kuta za miamba zinazoshuka hadi macho hayaoni tena. Jambo langu ni moja. Suti inayomtia mtu joto majini ni ile iliyomkaa mwilini, na unene wa milimita, ambao ndio kila mtu huuuliza dukani, haumfai kitu mtu ambaye suti yake inaingia maji na kutoka maji.

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, kijana wa mtaani kwetu alikuja barazani kwangu amebeba mfuko mkubwa mweusi. Amepata nafasi ya kusomea uzamiaji wa kazi nchini Afrika Kusini, ule wa kukagua nguzo za gati na kuchomelea vyuma chini ya maji, na kwa fedha za upatu za mama yake amenunua suti ya kuzamia kwa muuza mitumba mjini. Aliitoa mfukoni kwa furaha ya kweli.

"Ami, hii ni milimita saba," aliniambia. "Muuzaji kanambia hata kwenye barafu naingia nayo."

Nilimwomba aingie chumba cha uani aivae. Alitoka baada ya dakika mbili, hana hata jasho, na hapo hapo nikajua kwamba kuna kasoro, kwa sababu suti ya milimita 7 iliyo sawa na mwili wa mtu haivaliwi kwa dakika mbili. Nilimgeuza mgongo, nikabana mpira wa kiunoni kwa vidole, ukanifuata mkononi kama ngozi ya shingo ya paka. Shingoni nilipitisha vidole vinne bila ya kulazimisha. Kisha nikabonyeza gotini kwa kidole gumba, nikaondoa kidole, na alama ikabaki pale imebonyea kama kwenye mkate uliolala. Sikupenda kumvunja moyo, lakini nisingeweza kunyamaza. Nilimwambia, "Mwanangu, hii ni milimita saba ya mtu mwengine, na milimita zenyewe zimeshatumika."

Najua uchungu wa kosa hili kwa sababu nami nililifanya. Miaka 13 iliyopita nilikwenda Cape Town kwa mafunzo kama hayo, nikiwa na suti ya milimita 7 niliyoazima kwa rafiki yangu aliyenizidi kifua na tumbo. Nilifika mwezi wa Januari, na kwa hesabu zangu za mtu wa Unguja, Januari kule ni kiangazi, basi maji yatakuwa mazuri. Sikujua kwamba upande wa Atlantiki wa mji ule maji huwa ya baridi zaidi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa kipupwe, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na ya chini, yaliyo baridi, hupanda kushika nafasi yake. Jua lilikuwa kali, watu wamelala mchangani, na maji yalikuwa digrii 11.

Nilipoingia, maji yalimiminika shingoni kwa mkupuo mmoja yakafuata uti wa mgongo hadi kiunoni, na pumzi yangu ikakatika. Hali hiyo waalimu wanaiita mshtuko wa baridi, nayo hupita baada ya dakika chache mtu akitulia. Nilitulia, ikapita, nikadhani nimeshinda. Lakini kila nilipogeuza kichwa kumtazama mwalimu, shingo ya suti ilifunguka na maji mapya yakaingia, na kila nilipopiga mapezi yale ya zamani yakatokea vifundoni, hata nikawa ninaivuta bahari ndani ya nguo yangu kama pampu ya baiskeli inavyovuta hewa. Dakika ya 15 mwalimu alituashiria tufungue kifungo cha mkanda wa risasi, ule wenye vipande vizito vya madini ya risasi vya kumshusha mzamiaji, na kukifunga tena, zoezi ambalo kwa Mnemba nilikuwa nikilifanya bila hata ya kutazama. Niliuona mkono wangu wa kulia juu ya kifungo kile. Vidole vilikuwa vimenyooka kama vya mwanasesere. Niliviamuru vibane, na havikubana. Nikavitazama tena, nikaviamuru tena, na mwalimu alipoona ninatazama tu alinishika mkono akanipandisha juu. Nchi kavu nilipewa kikombe cha chai, na ilibidi mtu mwengine anishikie.

Wazee wetu wana neno kuhusu nguo ya kuazima na sitiri yake, na siku ile nilielewa kwamba neno lile ni la kweli pia kwa nguo za mpira. Kesho yake mama mmoja mwenye duka la vifaa vya kuzamia alinijaribisha suti sita, moja baada ya moja, na akakataa kuniuzia tano kati ya hizo ingawa nilikuwa na fedha mkononi. Ya sita ilinichukua karibu robo saa kuivaa na nilitoka jasho kwenye paji la uso. Nayo ilikuwa ya milimita 7. Nilirudi katika maji yale yale, digrii zile zile, nikakaa dakika 40, na vidole vyangu vilifungua kifungo na kukifunga.

Kwa nini iwe hivyo? Huku kwetu wengi hufundishwa kwamba suti hutia joto kwa sababu ya yale maji yanayoingia ndani yake na kupashwa na mwili, hata nimewasikia vijana wakisema kwamba maji yakiwa mengi ndani ndiyo vizuri. Hilo ni kosa. Suti imetengenezwa kwa neoprini, mpira wa viwandani uliobuniwa na wanasayansi wa kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930, na mpira huo umeumuliwa kama mkate, ndani yake mna viputo vidogo vya gesi visivyohesabika, kila kimoja kimejifunga peke yake. Gesi hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliyekuwa akitafuta nguo ya kuwafaa wazamiaji wa jeshi la maji la nchi yake, ndiye aliyetambua kwamba mtu hahitaji kuwa mkavu ili apate joto, ikiwa nguo aliyoivaa ina gesi ya kutosha ndani ya kitambaa chake. Maji yanayoingia yanavumilika tu. Yakiwa machache na yakitulia, mwili huyapasha mara moja na hasara inaishia hapo. Yakizunguka, mwili hulazimika kuyapasha upya kila dakika, na kwa kuwa maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, hakuna mwili wa binadamu unaoweza kushindana nayo, uwe wa mtu mnene au mwembamba.

Viputo hivyo vina adui wawili. Wa kwanza ni kina. Kwenye mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na kwenye mita 30 huwa mara nne, kwa hiyo gesi iliyomo ndani ya viputo hubanwa kukaribia robo ya ujazo wake, na suti aliyoinunua mtu kwa unene wa milimita 7 inakuwa nyembamba sana pale pale ambapo maji ni ya baridi zaidi. Wa pili ni umri. Suti iliyoshuka na kupanda mamia ya mara, ikaanikwa juani kila siku na kukunjwa ikiwa na chumvi, viputo vyake hupasuka au husinyaa na havirudi tena. Ndiyo maana nilibonyeza goti la suti ya yule kijana. Mpira mzima hurudi mara kidole kinapoondoka, na mpira uliokufa hubaki na shimo. Anayenunua mtumba abonyeze magotini, mabegani na kiunoni, na asikubali kuambiwa kwamba itarudi ikipata maji.

Sasa nieleze namna ya kuijaribu suti, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotea. Kwanza usiivae ukiwa na haraka wala mwili ukiwa na jasho. Vaa mfuko wa plastiki mguuni, ule wa kawaida wa dukani, ndipo uingize mguu katika suti, kisha fanya hivyo mikononi, na utaona mpira unateleza bila ya kuvutwa kwa kucha. Panda nayo taratibu, vifundo kwanza, magoti yakae kwenye magoti, na usiende juu mpaka pale kwenye mapaja pamegusa kabisa, kwani suti nyingi zinazoonekana fupi mabegani ni zile ambazo mvaaji ameacha mpira wa ziada magotini. Ukishafunga zipu, simama wima umwombe mtu akupitishie kiganja mgongoni. Bonde la kiuno ndilo dimbwi la kwanza la maji. Kama pana nafasi pale, suti hiyo iache hata ikiwa ni ya bure. Inua mikono yote miwili juu kama mtu anayefunga pazia, kisha uishushe, usikilize makwapani: ukisikia hewa inafyonzwa na kutolewa, hiyo hewa ndiyo itakayokuwa maji. Chuchumaa, simama, chuchumaa tena. Geuza kichwa kulia na kushoto hadi mwisho, na shingo ya suti isiachane na ngozi yako.

Wala mtu asidhani kwamba kinachotakiwa ni kubanwa hadi kukosa pumzi. Suti inayobana koo ni hatari, kwa sababu mishipa ya pembeni ya shingo ikikandamizwa moyo hupunguza mapigo na mtu anaweza kusikia kizunguzungu au kuzimia. Vuta pumzi ndefu hadi mwisho. Ikiwa kifua hakipanuki, au uso unajaa damu, ivue. Suti inayofaa hubana nchi kavu kama mtu aliyekukumbatia kwa nguvu, na ukishaingia majini hulegea kiasi cha kuisahau.

Vijana wetu wengi ni warefu wembamba, na vipimo vya S, M na L vinavyoandikwa na viwanda vya nje havikukusudia miili kama hii. Kijana wa futi sita mwenye kifua chembamba akichukua suti inayomtosha urefu, hupata mfuko kiunoni, na akichukua inayomtosha kifua, mikono huishia katikati ya kigasha. Viwanda vingi hutoa pia vipimo vya watu warefu, ila mtu lazima aulize, kwa kuwa havitundikwi mbele. Pima kifua, kiuno, nyonga, urefu, shingo na kifundo cha mkono, andika kwenye karatasi, uende nayo, na ulinganishe na jedwali la kiwanda husika, maana M ya kiwanda kimoja si M ya kiwanda kingine.

Baada ya hapo tazama mishono. Mshono wa bapa, ambao uzi wake unaonekana ndani na nje, umetobolewa na sindano tangu upande huu hadi upande wa pili, na kila tundu ni mlango. Kwa bahari yetu mshono huo unatosha, na ni imara, lakini kwa digrii 12 haufai. Suti ya maji ya baridi huunganishwa kwanza kwa gundi, halafu hushonwa kwa sindano inayoingia nusu ya unene wa mpira na kutokea upande ule ule, hivyo tundu halivuki. Unyanyue mguu wa suti kuelekea dirishani, uuvute mshono kwa mikono miwili, na ukiona nukta za mwanga umeshapata jibu. Kwenye vifundo vya mikono na miguu na shingoni pawe na pete ya mpira laini usiofunikwa kitambaa, inayogusa ngozi yenyewe; suti ya namna hiyo wazamiaji huiita nusu kavu, na kwa maji ya digrii 10 hadi 18 hiyo ndiyo ya kutafuta, pamoja na kofia, glavu na viatu vya mpira. Zipu ikiwa mgongoni, hakikisha kile kipande cha mpira kilicho chini yake kimelala sawa kabla ya kufunga, kwa kuwa kikijikunja hata kwa upana wa kidole, kazi yote ya gundi na sindano imepotea.

Juu ya kofia, husemwa kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli, kichwa hupoteza kwa kadiri ya ukubwa wake kama sehemu nyengine za mwili. Hata hivyo katika maji ya baridi mtu hufunika kila pahala isipokuwa kichwa, na maji ya baridi yakiingia sikioni huleta kizunguzungu, kwa hiyo kofia haikwepeki. Nzuri zaidi ni ile iliyoshonwa pamoja na fulana ya mpira ya kuvaliwa ndani, kwa sababu shingoni haibakizi mpaka wa kupitia maji.

Mabinti zetu wanaoingia katika kazi hii, na ninafurahi kwamba wapo na wanazidi, wana suala lao ambalo halijibiwi madukani. Wengine huvaa mtandio wa pamba chini ya kofia, na pamba hiyo, ikipita chini ya mpira wa shingo, huwa utambi wa kuvuta maji ndani. Avae kitambaa chembamba cha kunyumbuka kinachoishia juu ya shingo, kofia ya suti imkamilishie sitara, na akitaka vazi la kujisitiri mwili basi livaliwe juu ya suti, jepesi na lisilopepea sana, lisije likanasa kwenye vifaa. Juu ya suti halipunguzi joto hata kidogo. Na suti yenyewe iwe ya kike, kwa sababu ya kiume humwacha wazi kiunoni na kumbana nyongani.

Kwa maji ya chini ya digrii 10, kama yale ya Iceland au ya mashimo ya machimbo ya Uingereza mwishoni mwa msimu wa baridi, sina maneno mengi: huko watu huvaa suti kavu, isiyoingiza maji kabisa, yenye nguo za joto ndani, nayo ina mafunzo yake yanayojitegemea ambayo hayaruhusiwi kurukwa.

Kuna jambo la uzito ambalo humshangaza kila mtu wa kwetu. Suti nene huelea. Aliyezoea kilo 3 au 4 za risasi hapa Mnemba anaweza kuhitaji kilo 10 au zaidi akiwa na suti nene mpya katika maji ya chumvi, na akifika kina cha mita 20 viputo vimebanwa, suti haielei tena kama ilivyoelea juu, na risasi zile zote zinamvuta chini. Siku ya kwanza na suti mpya iwe ya maji mafupi, akiwa na mwalimu, akipima uzito wake upya kama mwanafunzi.

Ndugu Mhariri, nisingependa wasomaji wadhani kwamba baridi ni jambo la Cape Town na Ulaya tu. Bahari yetu hufika digrii 29 au 30 mwezi wa Machi, lakini kusi likishika, Julai na Agosti, hushuka karibu na digrii 25. Kwa mgeni anayezama mara moja kwa dakika 45 hayo ni maji ya raha. Kwa kiongozi wake, anayezama mara tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, na katikati anakaa mbele ya boti amelowa huku upepo unampiga kifuani, hayo ni maji ya baridi. Nimewaona vijana wakitetemeka njia nzima kutoka Mnemba hadi Matemwe, halafu wanajifunga mtungi wa pili wakiwa bado hawajapata joto. Mzamiaji aliyepoa hutumia hewa nyingi zaidi, huamua polepole, na anapopanda akiwa na baridi damu hupungua katika ngozi na viungo, naitrojeni, gesi aliyoivuta katika hewa ya mtungi, hukawia kutoka mwilini, na hatari ya ugonjwa wa kupungua kwa mgandamizo, ambao gesi hiyo hufanya viputo ndani ya mwili, huongezeka. Huyo ndiye aliyekabidhiwa roho za wageni wanne au watano.

Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani, ambacho sitakitaja, suti mpya zilikuwa za wageni, na zikishachakaa, zikipasuka makwapani na kulegea shingoni, ndipo hukabidhiwa sisi. Tulizishona kwa uzi wa kuvulia. Sisemi kwamba kila mwenye kituo hufanya hivyo, wapo wanaowatazama watu wao vizuri, lakini desturi hiyo haijafa, na nawaomba wanaoiendeleza waitafakari. Kiongozi apewe suti ya milimita 5 ya kipimo chake mwenyewe, asiyobadilishana na mtu, apewe na koti la kuzuia upepo la kuvaa botini. Akipewa, aitunze: aisuuze kwa maji matamu kila siku, aianike kivulini kwenye kiango kipana, asiiache juani juu ya paa la boti.

Nawakumbuka pia wazamiaji wa uokoaji. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 na Skagit ikazama Julai 2012, zote katika miezi ya kusi. Watu wanaoitwa siku kama zile hawachagui saa ya kuingia wala ya kutoka, na kila atakayeandika orodha ya vifaa vyao namsihi aandike suti kwa jina na kipimo cha kila mzamiaji, wala asiandike idadi na milimita tu.

Yule kijana ameirudisha suti kwa muuzaji, ambaye kwa wema wake alimrejeshea sehemu kubwa ya fedha. Tumekubaliana asinunue kitu hapa. Tumempima kwa futi ya fundi cherehani, vipimo vyake sita viko kwenye karatasi, na atajaribu suti huko huko anakokwenda, kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Suti yangu ya Cape Town bado ninayo, imezeeka na siiruhusu tena kuingia majini, lakini shingo na mikono yake bado vinashika. Kijana yeyote wa Unguja au Pemba mwenye safari kama hiyo, na mwili unaokaribiana na wangu, aje Nungwi aulize kwa wazamiaji wa ufukweni, wataniita. Ataivaa robo saa, atachuchumaa, atainua mikono, ili akifika dukani ajue kwa ngozi yake namna inavyopaswa kumshika.

Wako katika kazi,

Mzamiaji wa Nungwi,
Kaskazini Unguja